Je, Digrii ya Mwanao Itakubaliwa Ujerumani?

Katika vijiji vyetu vingi siku hizi utamkuta kijana aliyemaliza chuo kikuu, naye bado yuko nyumbani akingoja kazi. Baba aliuza ng'ombe, mama aliuza ndizi na mbaazi, shangazi naye akachanga. Sasa cheti kimefungwa vizuri katika mfuko wa nailoni, kimewekwa ndani ya sanduku la nguo. Halafu anatokea mtu kutoka mjini, anasema: "Ujerumani wanatafuta watu. Nipeni milioni tatu tu, mambo yote nitayashughulikia mimi." Baba na mama wanatazamana. Je, wauze sehemu ya shamba?

Ndugu msomaji, kabla hujauza hata kuku mmoja, soma kwanza habari hii mpaka mwisho. Huenda mwanao ana nafasi kweli. Huenda hana. Jambo la kukufurahisha ni hili: waweza kujua mapema, pasipo kumlipa mtu ye yote.

HABARI YENYEWE NI YA KWELI

Ni kweli kwamba Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Udachi, ina upungufu wa wafanyakazi. Wazee ni wengi na watoto wanaozaliwa ni wachache. Kwa sababu hiyo serikali yao ilitunga sheria ya kuwaruhusu wafanyakazi wenye ujuzi kutoka nchi za nje, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Machi 2020. Baadaye sheria hiyo ilirekebishwa na kulegezwa, kuanzia Novemba 2023 hadi Juni 2024.

Ni kweli pia kwamba tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, serikali za Kenya na Ujerumani zilitia sahihi makubaliano juu ya wafanyakazi. Siku ile ile habari zilienea kwamba Wakenya 250,000 watapewa kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha, ikasema kwamba makubaliano hayo hayataji idadi yo yote. Basi, mtu akikuambia kwamba "kuna nafasi laki mbili na nusu, wahi," ujue anakuuzia uvumi ambao wenyewe walikwisha kuukana.

Tena makubaliano hayo hayakuondoa masharti. Anayetaka kwenda kufanya kazi ya ujuzi sharti aonyeshe ujuzi wake, na kwa msomi wa chuo kikuu jambo la kwanza ni hili: digrii yake inalingana na digrii ya Ujerumani?

KWA NINI CHETI KIPIMWE TENA?

Mzazi mwingine atasema: "Mwanangu alisoma miaka mitatu, alifaulu, alivaa joho mbele ya watu wote. Wanataka nini zaidi?" Usikasirike. Ukipeleka mahindi yako katika soko la ugenini, hupimwa kwa mizani ya huko. Haina maana kwamba mahindi yako ni mabaya. Mnunuzi hajui debe lako lina ujazo gani, basi.

Hata sisi hufanya hivyo hivyo. Mtanzania aliyesoma India au Urusi akirudi nyumbani, digrii yake hupelekwa kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ili ipimwe na kutambuliwa. Kenya kazi hiyo hufanywa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Hatuwezi kuwalaumu Wajerumani kwa kufanya kama tufanyavyo wenyewe.

KAZI NI ZA NAMNA MBILI

Hapa wengi hupotea njia, kwa hiyo soma polepole.

Namna ya kwanza ni kazi ambazo sheria ya Ujerumani inazilinda. Mtu haruhusiwi kuzifanya pasipo kibali cha serikali, kwa sababu makosa yake yaweza kuua au kudhuru watu. Hizo ni kama kazi za daktari, mwuguzi, mfamasia, na mwalimu wa shule za serikali. Kwa kazi hizi kujua kwamba digrii inalingana hakutoshi. Lazima mtu aombe kibali kwa ofisi ya jimbo atakalofanyia kazi. Ujerumani ina majimbo 16, na kila jimbo lina ofisi zake.

Namna ya pili ni kazi zisizolindwa hivyo, kama kazi za kompyuta, uhasibu, hesabu, biashara, na nyingi za utafiti. Kwa kazi hizi yatosha kuonyesha kwamba digrii inatambuliwa Ujerumani au inalingana na ya kwao. Baada ya hapo ni juu ya mwajiri kupima kama kijana anafaa.

Basi, swali la kwanza la kumwuliza mwanao ni hili: "Kazi unayoitaka ni ya namna gani katika hizi mbili?" Asipojua, bado hajaanza safari.

DAFTARI LIITWALO ANABIN

Wajerumani wana daftari kubwa la vyuo vikuu vya dunia nzima, nalo huitwa anabin. Liko katika intaneti, limeandikwa Kijerumani, na mtu ye yote aweza kulifungua bure. Kijana wako aweza kulisoma kwa simu yake akiwa amekaa chini ya mwembe wenu. Huhitaji dalali.

Ndani yake atatafuta mambo mawili.

La kwanza ni chuo chenyewe. Atachagua nchi, kisha atatafuta jina la chuo. Kando ya jina ataona alama. Alama ya H+ maana yake chuo hicho kinatambuliwa. Alama ya H- maana yake hakitambuliwi kuwa chuo kikuu. Alama ya H+/- maana yake mambo si dhahiri, nayo digrii sharti ichunguzwe moja moja.

La pili ni digrii. Kuwa na chuo kizuri hakutoshi, sharti digrii yenyewe iwe imeandikwa. Hapo atatafuta neno la Kijerumani "entspricht", yaani inalingana, au "gleichwertig", yaani ina thamani ile ile. Akiyapata yote mawili, chuo kina H+ na digrii ina mojawapo ya maneno hayo, basi achapishe kurasa zote mbili na kuziweka pamoja na vyeti vyake. Ubalozi wa Ujerumani utazipokea kuwa ushahidi. Lakini akiona maneno "bedingt vergleichbar", yaani inalinganishwa kwa masharti, asishangilie. Hayo hayatoshi.

Jihadhari na jambo moja. Vyuo vingine vina majina yanayofanana, na vingine vilibadilisha jina au vilikuwa tawi la chuo kikubwa kabla ya kusimama peke yao. Jina lililo katika cheti ndilo la kutafutwa, wala si jina ambalo watu hulitumia mitaani.

DIGRII ISIPOONEKANA

Je, digrii ikikosekana katika daftari ndio mwisho? Hasha. Mara nyingi maana yake ni kwamba bado hakuna aliyeileta ipimwe.

Hapo kijana ataomba barua ya tathmini kwa ofisi kuu ya elimu ya nje, ambayo kwa ufupi huitwa ZAB. Ofisi hii iko mjini Bonn, chini ya baraza la mawaziri wa elimu wa majimbo ya Ujerumani. Maombi hupelekwa kwa intaneti. Ada yake, kama ilivyokuwa mwaka 2025, ni euro 208 kwa digrii ya kwanza inayopimwa. Baada ya uchunguzi wao huandika barua inayoeleza digrii hiyo ni sawa na digrii gani ya Ujerumani. Barua hii ni ya mtu mwenyewe, aweza kuitumia kwa mwajiri na kwa ubalozi.

Watataka kuona nini? Cheti cha digrii, na ile karatasi ya masomo yote pamoja na alama zake. Wengi wa vijana wetu wana cheti tu. Karatasi ya alama waliiacha chuoni kwa sababu ya deni la ada, au hawakujua umuhimu wake. Mwambie mwanao aifuate upesi. Vyuo hubadilika na madaftari hupotea, wala kumpata karani wa zamani si rahisi.

Wengine huogopa kwamba digrii ya Tanzania ya miaka 3 itadharauliwa. Ujerumani usiogope jambo hilo, maana digrii nyingi za kwanza za kwao ni za miaka 3 vilevile.

NA KAZI JE?

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo madalali huficha ukweli. Kulingana kwa digrii ni mlango wa kwanza tu. Mlango wa pili ni kazi yenyewe.

Iko hati iitwayo Kadi ya Buluu, kwa ajili ya wasomi. Ili aipate, kijana awe na ahadi ya kazi inayofaa digrii yake, ya miezi 6 au zaidi, na mshahara usiopungua kiwango kilichowekwa. Mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa euro 48,300 kwa mwaka. Kwa kazi zenye upungufu mkubwa wa watu, na kwa wale waliomaliza chuo karibuni, kilikuwa euro 43,759.80. Kiwango hubadilika kila mwaka, kwa hiyo aangalie cha mwaka anaoombea. Mwenye Kadi hii akikaa kazini miezi 27 aweza kuomba ruhusa ya kukaa daima, au miezi 21 tu akiwa anajua Kijerumani vizuri zaidi.

Asiyefikia mshahara huo bado ana njia, kwa maana iko viza ya kawaida ya wasomi. Kwa hiyo, tangu Novemba 2023, kazi yo yote ya ujuzi hukubaliwa hata isipokuwa ya somo lake lile lile, mradi isiwe ya zile kazi zinazolindwa. Aliyezidi miaka 45 huongezewa sharti la mshahara au la pensheni.

Tangu tarehe 1 Juni 2024 iko pia Kadi ya Nafasi. Hiyo humruhusu mtu kwenda kutafuta kazi kwa muda wa mwaka mmoja, akiwa na fedha za kujitunza. Lakini hata huko swali la cheti haliepukiki.

Na fundi wa kompyuta asiye na digrii? Huyu ana mlango wake. Akiwa na uzoefu wa miaka 3 katika miaka 7 iliyopita, na kazi yake ikiwa ya kiwango cha chuo kikuu, aweza kupewa Kadi ya Buluu. Atathibitisha kwa barua za waajiri wake wa zamani. Kwa hiyo kila kijana anapoacha kazi na aombe barua inayoeleza alifanya nini, tangu lini hata lini.

HABARI ZA WAUGUZI

Binti zetu wengi ni wauguzi, kwa hiyo jambo lao nalieleza peke yake.

Mwuguzi hupeleka vyeti kwa ofisi ya jimbo. Ofisi hulinganisha saa za masomo na za mazoezi ya hospitali. Mara nyingi hujibu kwa barua inayotaja mambo yaliyopungua. Barua hiyo si kukataliwa. Ni orodha ya yale yanayobaki. Binti aweza kupewa viza ya kwenda kuyakamilisha huko, ama kwa kufanya mazoezi ya muda, ama kwa kufanya mtihani, huku akifanya kazi ya msaidizi na kupata mshahara. Lakini Kijerumani ni lazima, na kwa kibali kamili kwa kawaida hutakiwa kiwango cha B2. Hiyo si kazi ya wiki sita. Ni ya mwaka au zaidi wa kusoma kwa bidii. Goethe-Institut, iliyoko Dar es Salaam na Nairobi, hufundisha na kutahini.

Tena yako mambo ambayo kila mzazi wa Tanzania apaswa kuyajua. Shirika la Afya la Dunia lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa waganga na wauguzi, na Tanzania imo. Kwa nchi za namna hiyo sheria ya Ujerumani inakataza mawakala wa watu binafsi kuwatafuta na kuwaajirisha watu wa kazi za afya. Ni ofisi ya kazi ya serikali ya Ujerumani peke yake inayoruhusiwa. Binti mwenyewe akiomba kwa hiari yake, hakuna kosa. Lakini dalali anayepita Tanzania akikusanya wauguzi na fedha zao anavunja sheria ya nchi ile ile anayosema amepewa kazi nayo. Mwulize juu ya jambo hilo, uone atakavyojibu.

JINA MOJA, MTU MMOJA

Sasa nataja jambo dogo linalowakwamisha vijana wetu wengi. Ni jina.

Mtoto alibatizwa Yosefu. Shuleni mwalimu akaandika Joseph. Katika cheti cha kidato cha nne jina la babu likaachwa, na chuoni likarudishwa mbele. Pasipoti nayo ina jina la ukoo lenye herufi moja zaidi. Sisi kijijini twamjua ni yule yule mtoto wa fulani. Lakini karani wa Bonn hamjui mama yake. Yeye huona karatasi nne zenye watu wanne.

Basi, toa karatasi zote leo, zipange mezani, uzisome jina kwa jina na tarehe kwa tarehe. Palipo na tofauti, nenda kwa wakili au mahakamani mkaandike hati ya kiapo, au hati ya kubadili jina kama tofauti ni kubwa. Asiye na cheti cha kuzaliwa asikate tamaa. Tanzania, RITA huandikisha hata waliochelewa, na cheti cha ubatizo ni mojawapo ya karatasi zinazosaidia kuonyesha mtu alizaliwa lini na wazazi wake ni nani. Kumbe lile daftari la parokia, ambalo wengine hulifikiria siku ya ndoa tu, lina faida nyingine.

Wala usikubali mtu akuambie, "Tutarekebisha cheti kidogo." Kurekebisha cheti ni kughushi. Chuo huulizwa, na uongo hujulikana. Viza hukataliwa, na huenda kijana akafungiwa njia kwa miaka mingi, hata kama digrii yake ya kweli ingalitosha.

MASWALI YA KUMWULIZA DALALI

Siwezi kusema kwamba kila wakala ni mwongo, wako wanaofanya kazi kwa haki. Lakini muulizeni maswali haya, tena mbele ya mashahidi:

Chuo cha mtoto wetu kina alama gani katika anabin? Nionyeshe ukurasa.

Kazi unayosema inalindwa na sheria au hailindwi?

Mwajiri ni nani, yuko mji gani, na mkataba wake uko wapi?

Fedha hizi ni za nini, moja moja? Maana viza yenyewe ni euro 75, na barua ya ZAB ni euro 208. Zilizobaki zaenda wapi?

Umeandikishwa na serikali? Kenya, Mamlaka ya Taifa ya Ajira huweka orodha ya mawakala walioandikishwa. Tanzania, ulizeni katika ofisi za wizara inayosimamia kazi.

Asiye na majibu na aende zake na Mungu. Tena jueni kwamba mwajiri wa kweli mara nyingi hubeba mzigo yeye mwenyewe. Sheria yao humruhusu kuharakisha mambo kwa kulipa ada ya euro 411 katika ofisi ya wageni ya kwao. Serikali ya Ujerumani nayo hutoa mashauri bure katika intaneti, katika ukurasa uitwao Make it in Germany.

NCHI NYINGINE ZINA MIZANI NYINGINE

Usidhani kwamba kilichokubaliwa Ujerumani kitakubaliwa kila mahali. Marekani, kwa viza ya wasomi iitwayo H-1B, hutaka digrii inayolingana na ya kwao, ambayo kwa kawaida ni ya miaka 4. Kwa hiyo digrii ya miaka 3 huenda ikaulizwa maswali. Lakini wana kanuni ya kuhesabu miaka 3 ya kazi ya ujuzi kuwa sawa na mwaka mmoja wa masomo. Canada, kwa wanaotaka kuhamia kwa njia ya wafanyakazi wenye ujuzi, hutaka tathmini kutoka ofisi walizozichagua, nayo hudumu miaka 5 tu. Uingereza huangalia zaidi kazi, mshahara na mwajiri mwenye kibali. Digrii ya nje hupimwa na ofisi iitwayo Ecctis hasa pale inapotumiwa kuthibitisha Kiingereza au udaktari wa falsafa.

SASA FANYENI HIVI

Jumapili hii, baada ya chakula, kaeni na kijana wenu. Msimwulize, "Utaondoka lini?" Mwulizeni, "Tuonyeshe alama ya chuo chako." Atafute mbele yenu. Ikiwa ni H+ na digrii imo, mshukuruni Mungu, kisha aanze kutafuta mwajiri na kujifunza lugha. Ikiwa haimo, anzeni kuweka akiba ya euro 208, ambayo ni fedha ndogo kuliko shamba. Ikiwa ni H-, itakuwa habari chungu, lakini ni heri kuisikia nyumbani, shamba likiwa bado lenu.

Na wewe mwenye mtoto wa kidato cha sita, usingoje. Angalia chuo kabla hujalipa ada ya kwanza. TCU hutangaza orodha ya vyuo inavyovitambua, na anabin ni bure. Dakika kumi za kutazama zaweza kuokoa miaka mitatu ya jasho lako.